Kabla hujasema picha ni mbovu: kusoma vipande vya runinga vya bendi za Uingereza za miaka ya 1960

Kila kipande cha The Beatles, The Who au Small Faces kinachozunguka mtandaoni leo ni nakala ya nakala. Watu hukitazama kikiwa na ukungu na mikwaruzo, kisha wanahitimisha kwamba kamera za zamani zilikuwa duni. Si kweli. Picha iliyotoka studio za London na Manchester mwaka 1964 ilikuwa kali na laini, na watazamaji wa nyumbani waliiona hivyo. Kilichoiharibu ni safari iliyopita baadaye. Ukijifunza kuzitambua alama za safari hiyo, utajua unatazama nini, kimepungukiwa nini, na kipi kinaweza kurekebishwa.

Tuanze na mkanda wenyewe. Mashine za Ampex zilizoingia sokoni mwaka 1956 zilitumia mkanda wa upana wa inchi 2, na vichwa vinne vya kurekodi vilizunguka juu ya gurudumu dogo mara 250 kwa sekunde katika nchi zenye umeme wa hezi 50. Mkanda huo ulikuwa wa bei kubwa, na ungeweza kufutwa ukarekodiwa upya mara nyingi. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mikataba na vyama vya wanamuziki na waigizaji iliweka mipaka kwa idadi ya marudio, hivyo kipindi kikishaonyeshwa kilikuwa kimemaliza kazi yake. Kipindi cha nyimbo zinazoongoza wiki hii kilikuwa na thamani ndogo zaidi, kwa sababu wiki ijayo orodha ilikuwa imebadilika. Ndani ya BBC, maktaba ya filamu ilishughulika na filamu, wahandisi wakashughulika na mikanda, idara ya mauzo ikashughulika na nakala za kuuzwa nje, na hapakuwa na mtu aliyeangalia yote kwa pamoja. Ufutaji wa kiholela ulikomeshwa mwaka 1978, shirika lilipomteua mtu wa kuchagua vya kutunzwa. Muongo mzima wa 1960 ulikuwa umeshapita.

Top of the Pops, kipindi cha BBC cha nyimbo zinazoongoza, ndiyo iliyoumia zaidi. Ilianza tarehe 1 Januari 1964 kwenye kanisa lililogeuzwa studio katika barabara ya Dickenson Road, Manchester, na siku hiyo ya kwanza walikuwapo The Rolling Stones, Dusty Springfield, The Dave Clark Five, The Hollies na The Swinging Blue Jeans. Kipindi hicho hakipo tena. Vipindi kamili vya muongo ule vilivyobaki ni vichache mno, na hakuna hata kimoja kilichobaki kizima chenye The Beatles wakiwa wenyewe studioni. Wanapoonekana wakipiga “Ticket to Ride” katika kipindi cha Aprili 1965, tunawaona kwa sababu moja tu: watengenezaji wa Doctor Who, tamthilia ya kubuni ya BBC, walichukua sekunde chache za mkanda huo, wakazionyesha ndani ya hadithi yao Mei 1965, na sehemu hiyo ya Doctor Who ikapona kwenye filamu. Walipofika wenyewe studioni tarehe 16 Juni 1966 kwa ajili ya “Paperback Writer” na “Rain”, mkanda ulifutwa. Kilichojitokeza mwaka 2019 ni vipande vifupi ambavyo watazamaji walivipiga kwa kamera ya milimita 8 wakiielekeza kwenye runinga ya nyumbani.

Vipande vya namna hiyo vya milimita 8 vina alama yake: mistari mipana ya giza inayopanda au kushuka juu ya picha. Kamera za nyumbani zilipiga fremu 16 au 18 kwa sekunde, runinga ilitoa 25, na mwendo wa viwili hivyo haukulingana. Hakuna sauti. Anayekirejesha hutafuta rekodi ya sauti iliyopigwa nyumbani kwa mashine ya rili, akikosa huweka santuri. Ukisikia santuri safi juu ya picha ya namna hii, ujue imewekwa baadaye.

Njia kubwa iliyookoa vipindi ni filamu. Kamera ya milimita 16 au 35 iliwekwa mbele ya kioo kidogo cha runinga cha ubora wa juu, ikapiga kile kilichoonekana. Nakala hizo zilitumwa nje ya Uingereza, kwa sababu vituo vya nchi nyingine vilitumia mifumo tofauti ya mistari inayochora picha, lakini kila kimoja kilikuwa na projekta ya milimita 16. Kwa hiyo nakala iliyokusudiwa kuuzwa ndiyo iliyobaki, na ile ya asili, iliyokuwa bora zaidi, ikafutwa.

Hapa inabidi kuingia ndani kidogo, maana karibu kila kasoro inatokea hapa. Mfumo wa Uingereza wa wakati ule ulikuwa wa mistari 405, ambayo 377 hivi ndiyo iliyoonekana. Kila sekunde kulikuwa na fremu 25, na kila fremu ilichorwa kwa nusu mbili: kwanza mistari isiyo shufwa, kisha mistari shufwa. Nusu hizo 50 kwa sekunde ndizo zilizoupa mwendo wa runinga ulaini wake. Filamu nayo lazima isogezwe kutoka fremu moja hadi nyingine, na pengo kati ya nusu mbili lilikuwa kama sehemu moja na nusu tu ukiigawa sekunde mara elfu. Muda huo haukutosha kwa mitambo mingi. Suluhisho la kwanza lilikuwa kuitupa nusu moja: kifuniko cha kamera kinafungwa, filamu inasogea, kisha inapigwa nusu inayofuata. Matokeo ni picha yenye mistari kama 188 tu. Utaitambua kwa kutazama shingo ya gitaa inapoinama: kingo zake zinakuwa ngazi-ngazi, na nyuzi hazionekani kabisa. Suluhisho la pili lilitumia kioo chenye mwanga unaokawia kufifia, ili nusu ya kwanza iendelee kung'aa wakati filamu inasogea na kamera ipige mabaki yake pamoja na nusu ya pili. Hapo mistari yote ipo, lakini mkono wa mpiga ngoma ukienda haraka unaacha kivuli cha pili hafifu pembeni.

Njia zote mbili zinapoteza ulaini wa mwendo: hatua 50 zinakuwa 25. Hicho ndicho kinachofanya kipindi cha moja kwa moja kionekane kama sinema ya zamani. Waingereza waliokuwa wakitengeneza upya Doctor Who walibuni utaratibu unaoitwa VidFIRE, ambao hukadiria kwa kompyuta picha za katikati na kurudisha mwendo wa hatua 50. Unafanya kazi vizuri sana filamu ikiwa imetulia na safi. Maelezo yaliyotupwa pamoja na nusu ya mistari hauwezi kuyarudisha, na hakuna programu inayoweza.

Namna ya kujua unatazama nini: fungua faili kwenye kicheza video kinachosogea fremu moja moja. Madoa meusi au meupe yanayodumu fremu moja tu ni vumbi la filamu. Picha nzima ikitikisika kidogo juu na chini, filamu haikukaa imara kwenye lango la projekta. Vistari vyeupe vifupi vilivyolala ni sehemu za mkanda zilizopoteza unga wake wa sumaku. Mikanda mipana iliyolala yenye weusi unaotofautiana kidogo ni vichwa vinne vya mashine ya inchi 2 ambavyo havikusawazishwa. Ukiona vistari vya mkanda pamoja na vumbi la filamu, basi kipindi kilirekodiwa kwanza kwenye mkanda na baadaye kikahamishiwa filamu. Ukiona vumbi bila dalili ya mkanda, huenda filamu ilipigwa kipindi kikiwa hewani. Hesabu pia fremu zinazojirudia. Katika faili la fremu 30 kwa sekunde, fremu tano mpya na moja ya marudio ina maana kwamba chanzo kilikuwa cha 25, yaani filamu ya Uingereza iliyopitia mfumo wa Marekani. Nne mpya na moja ya marudio ni chanzo cha 24. Rekebisha kwa kuziondoa zilizojirudia. Ukiziyeyusha fremu mbili pamoja utapata ukungu usioondoka tena.

Mwendokasi ndio kosa linalonikera kuliko yote, kwa sababu ni rahisi kulirekebisha na karibu hakuna anayejali. Filamu iliyopigwa kwa fremu 25 ikichezwa kwenye projekta ya 24, kila kitu kinapungua kwa asilimia 4. Wimbo wa sekunde 150 unakuwa wa sekunde 156 na robo, na nota ya la ya hezi 440 inashuka hadi 422.4, karibu robo tatu ya nusu-toni. Waimbaji wanasikika wamechoka. Dawa yake ni kuzidisha mwendo kwa 25 gawanya 24, picha na sauti kwa pamoja, bila kutumia kile kitufe cha programu kinachobadilisha mwendo huku kikishikilia toni. Tahadhari moja: usitegemee 440 peke yake. Bendi za wakati ule zilirekebisha nyuzi kwa kufuatana zenyewe, au kwa piano iliyokuwapo. Pima kwa urefu wa wimbo na toni kwa pamoja, tena ulinganishe na maonyesho mengine ya mwezi huohuo.

Sasa swali ambalo kila mtu huuliza: walikuwa wanapiga laivu au ni pleibeki, yaani kuigiza juu ya rekodi? Inategemea kipindi na mwaka. Thank Your Lucky Stars ya kampuni ya ABC, iliyotoka Birmingham kati ya 1961 na 1966, ilikuwa pleibeki. Top of the Pops ilianza kwa pleibeki ya santuri waziwazi, hadi mwaka 1966 chama cha wanamuziki kilipoizuia. Tangu hapo kukawa na hali ya kati: muziki uliorekodiwa upya kwa ajili ya kipindi au kupigwa na okestra ya studio, na sauti ya mwimbaji juu yake. Ready Steady Go! ya Associated-Rediffusion ilianza tarehe 9 Agosti 1963 kwa pleibeki, na kuanzia Aprili 1965 ikahamia kwenye muziki wa laivu, uamuzi ambao kwa maoni yangu uliifanya kuwa kipindi bora cha muziki cha muongo ule hadi kilipofungwa tarehe 23 Desemba 1966. Msikilize Otis Redding alipopewa kipindi kizima Septemba 1966, Eric Burdon na Chris Farlowe wakijiunga naye jukwaani. Mwafrika-Mmarekani huyo si sehemu ya mada yetu, lakini hakuna mfano bora wa kile studio ile ilichoweza kufanya.

Macho yanasaidia: gitaa la umeme lisilo na waya, matoazi yanayopigwa bila kutikisika, mwimbaji asiye na maikrofoni, wimbo unaofifia mwishoni badala ya kukatwa. Lakini macho hudanganywa. Bendi nyingi ziliunganisha nyaya kwa ajili ya sura tu. Jaribio la uhakika ni hili: weka sauti ya kipande kwenye mstari mmoja wa sauti katika programu ya kuhariri, na santuri kwenye mstari wa pili. Chagua sekunde tano hadi kumi tu, kwa maana mwendo wa filamu huyumba na vipande virefu vitapishana. Oanisha pigo la kwanza la ngoma, sawazisha viwango, kisha cheza zote mbili. Rekodi ikiwa ni ileile, utasikia mvumo wa kupwaya unaozunguka, sauti ikijikata na kujirudisha. Ukiligeuza wimbi la mstari mmoja juu chini, besi itapungua sana. Zikiwa rekodi mbili tofauti, utasikia bendi mbili. Sauti mbili zikipwaya wakati wa muziki na kuachana wakati wa kuimba, basi una sauti ya laivu juu ya muziki wa santuri. Chunga toleo la santuri unalotumia: mono na stirio za wakati ule mara nyingi zilichanganywa siku tofauti, hivyo tumia mono.

Kuna jaribio jingine la lazima, kwa sababu wapo wanaopakia vipande vya laivu huku wamefunika sauti ya asili kwa santuri ili “isikike vizuri”. Tazama midomo kwenye herufi p, b na m, pale inapofungana. Santuri iliyobandikwa itapatana mwanzoni na kuachana kabla ya ubeti wa pili.

Picha nzuri kabisa za bendi za Uingereza mara nyingi haziko Uingereza. The Ed Sullivan Show ya CBS, New York, ilirekodiwa kwenye mikanda iliyotunzwa, na The Beatles wa tarehe 9 Februari 1964 wanaonekana kwa ulaini wote wa nusu-fremu 60 kwa sekunde. Usiamini mpangilio wa tarehe za kuonyeshwa, lakini. Sehemu iliyorushwa tarehe 23 Februari ilirekodiwa mchana wa tarehe 9, kabla ya kipindi kile maarufu cha moja kwa moja. Sweden ilitunza Drop-In, ambamo The Beatles walipiga nyimbo nne laivu tarehe 30 Oktoba 1963, na kwangu hicho ndicho kipande kinachoonyesha vizuri zaidi walivyokuwa kabla kelele za mashabiki hazijafunika muziki. Ufaransa ilitunza Bouton Rouge, yenye Pink Floyd wa Februari 1968 na The Yardbirds wa mwezi uliofuata wakiwa na Jimmy Page. Ujerumani Magharibi, Radio Bremen ilianza Beat-Club tarehe 25 Septemba 1965 na kuitunza karibu yote. Anayetaka kuwajua The Who au Cream wa miaka ile aanzie Bremen, ndipo arudi London.

Ya Marekani nayo yana mtego. Hullabaloo ya NBC ilirushwa kwa rangi mwaka 1965 na 1966, lakini vipindi vingi vimebaki kama filamu nyeusi na nyeupe. Uingereza hali ilikuwa kinyume: rangi ilianza BBC2 tarehe 1 Julai 1967, na BBC1 pamoja na ITV zikafuata tarehe 15 Novemba 1969. Kwa hiyo kipande cha studio cha Top of the Pops cha 1965 chenye rangi kimepakwa rangi baadaye. “All You Need Is Love” ya The Beatles, ya tarehe 25 Juni 1967, ilirushwa duniani ikiwa nyeusi na nyeupe, na toleo la rangi lilitengenezwa kwa ajili ya Anthology, mfululizo wa runinga kuhusu bendi hiyo, mwaka 1995. Filamu za matangazo ni jambo tofauti: zile za “Paperback Writer” zilizopigwa Chiswick House Mei 1966 zilikuwa za rangi kweli, kwa sababu hazikupitia kamera za studio.

Kuhusu tarehe, maelezo yanayoambatana na video mtandaoni mara nyingi yamenakiliwa kutoka kwa mtu aliyekosea. Tegemea watu na vyombo. The Yardbirds wenye Eric Clapton ni kabla ya Machi 1965. Jeff Beck anafuata, na Page anaingia Juni 1966. Small Faces wenye Jimmy Winston ni kabla ya Novemba 1965, baada ya hapo ni Ian McLagan. George Harrison alipokea gitaa la Rickenbacker la nyuzi 12 akiwa New York Februari 1964, hivyo kipande chenye gitaa hilo hakiwezi kuwa cha 1963. Hizi ni alama za “si kabla ya” au “si baada ya”. Zinakupa mpaka mmoja tu, na wa pili lazima uutafute kwenye wimbo wenyewe au mandhari ya studio.

Ukiandaa faili la kupakia, acha umbo la 4 kwa 3. Kulivuta lijaze kioo kipana kunawanenepesha watu, na kulikata kunaondoa paji la uso na miguu. Mkanda wenye nusu-fremu 50 ugeuze kuwa fremu 50 kamili kwa sekunde, usiwe 25, la sivyo unatupa nusu ya mwendo uliobahatika kupona. Chanzo cha filamu kiache 25. Programu za akili bandia zinazoongeza ukali hubuni nyuso: meno, vidole na nyuzi zinazotokea ni za kompyuta. Ukizitumia, sema, na uliache faili la asili lipatikane.

Bado vitu vinajitokeza. Mwishoni mwa 2009 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilipata mkanda uliochakaa wenye Pink Floyd wakipiga “See Emily Play” kwenye Top of the Pops ya Julai 1967, Syd Barrett akiwa bado mbele. Kwa hiyo ukikuta mkebe wa filamu ya milimita 16, usiucheze kwenye projekta. Nusa kwanza. Harufu ya siki maana yake asidi inatoka, filamu inasinyaa, na meno ya projekta yatachana matundu yake. Iweke pahala pakavu na baridi, mbali na filamu nyingine, na usiuzibe mkebe kwa plastiki. Angalia ukingoni kama kuna alama ndogo za Kodak, duara, mraba na pembetatu: zinaonyesha mwaka filamu ilipotengenezwa, ila zilirudiwa kila baada ya miaka 20, hivyo lazima uchague kati ya majibu mawili au matatu. Pima urefu bila kuifungua yote: milimita 16 ina fremu 40 kwa futi moja, kwa hiyo kipindi cha dakika 25 kwa fremu 25 kwa sekunde ni futi 937 na nusu, karibu mita 286. Rili yenye futi 350 haiwezi kuwa kipindi kizima, lakini inaweza kuwa dakika tisa na ushee ambazo hakuna mwingine aliye nazo. Andika kila kilichoandikwa kwenye mkebe, hata namba zisizoeleweka, maana hizo ndizo zinazolinganishwa na daftari za kituo, kisha wasiliana na hifadhi ya filamu ya taifa kabla ya kumwonyesha mtu yeyote mwenye projekta. Mkanda wa inchi 2 usijaribu kuugusa kabisa: mashine zinazoucheza zimebaki chache, na unga wake ukishabanduka mara ya kwanza, hakuna mara ya pili.